Kutoka Pafu Hadi Bandama

Mwana wa mama mmoja alitolewa uvimbe wa saratani kwenye pafu, na tangu kikohozi kiishe hataki kusikia habari za kliniki. Ndiyo maana mama huyu, ndani ya basi, alitega sikio pale fundi cherehani, kwenye siti ya mbele, alipomwambia muuza mkaa kwamba aliwahi kutolewa uvimbe kama huo, na sasa umeonekana mwingine kwenye bandama.

"Bandama ni malaria, dada yangu," muuza mkaa alisema, kwa uhakika wa mtu asiyeumwa. "Pafu liko juu huko. Ugonjwa umeshuka na basi gani?"

"Labda hili hili," fundi akacheka. "Dawa za malaria nimekunywa mpaka masikio yakavuma. Daktari anasema ni nadra sana kufika huko, lakini hutokea. Leo nalazwa, bandama itolewe, ikapimwe."

"Na wasipokuta kitu?"

"Nitarudi kwenye cherehani yangu nikiwa najua."

Basi likasimama hospitalini. Fundi akashuka na kikapu chake. Mama akatoa simu.

"Mwanangu, vaa viatu. Nageuza kukufuata, twende kliniki."