Joash Omolo Odero na Njia ya Dundori, 1917–1959

Joash Omolo alizaliwa tarehe 4 Machi 1917 hapa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Odero, aliyetoka Alego, Ujaluoni, kuja kufunga mataruma ya reli, na hakurudi kwao ila kwa mazishi. Alizaliwa asubuhi, gari moshi la Kisumu likiwa linapiga honi stesheni, na jamaa walimtania maisha yake yote kwamba alikuja duniani akiwa tayari safarini.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la sita, akamaliza mwaka 1932. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi, aliajiriwa katika stoo ya reli. Mwaka 1947 akawa karani wa pareto katika shamba la Mzungu mmoja ng'ambo ya ukingo wa Dundori, kuelekea Ol Kalou. Wachumaji walimpenda kwa sababu hakuwapunja kwenye mzani.

Tarehe 16 Desemba 1944 alifunga ndoa na Mwalimu Eucabeth Adero. Wakati wa uchumba alimwalika matembezi ya jioni, naye Eucabeth akavaa viatu vya kanisani. Kumbe matembezi yenyewe yalikuwa ni kupanda Menengai. Nusu ya njia Eucabeth aliketi juu ya jiwe.

"Joash, hii ni posa au ni kazi ya kuli?"

"Ni posa," alijibu. "Kuli angepewa mapumziko."

Akavibeba vile viatu mkononi hadi juu. Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa. Kwa sababu hiyo mengi yamesemwa juu ya Joash katika mji huu, na ni haki yasemwe hapa jinsi yalivyokuwa, kabla udongo haujamfunika.

Tarehe 19 Aprili 1953, Jumapili, wakati wa Hali ya Hatari, mabanda ya wafanyakazi wa shamba lile yalichomwa moto. Familia za Kikuyu ziliogopa waliochoma na ziliogopa pia askari waliokuwa wakija na malori. Joash aliijua njia ya msituni inayopanda ukingo na kuteremkia Nakuru. Aliwaongoza alfajiri ile, mvua ikinyesha, ingawa kuwasafirisha watu wasio na kibali kungeweza kumtia jela. Miongoni mwao alikuwamo Wangui, aliyejifungua majuma mawili tu yaliyopita. Mumewe, Ndung'u, alikuwa ameshikwa na kupelekwa kizuizini.

Juu ya ukingo, homa ilimshinda Wangui. Wanawake wawili walitaka kubaki naye, akawafukuza. "Nendeni! Mnataka tufe wote kwa sababu ya heshima?" Kisha akamkabidhi Joash mtoto. "Mshike, karani. Akilia msituni, tumekwisha."

Joash alifika uani mwa kanisa na watu wote isipokuwa mmoja. Alitaka kurudi siku ile ile, lakini askari walikuwa wamefunga njia. Alirudi Jumanne na wanaume wa kanisa na machela, wakamkuta Wangui amekwisha fariki. Walimzika palepale, chini ya mti wa mtarakwa, na mtoto akalelewa na Joash na Eucabeth.

Ndipo maneno yakaanza: kwamba mtu asiye na mtoto alimwacha mama ili achukue mtoto. Anayesema hivyo na ajibu swali moja. Joash aliwauliza wanawake wale mama yake Ndung'u aliitwa nani, akampa mtoto jina hilo, Wangare, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Hakumpa jina la Kijaluo hata la utani. Je, mwizi wa mtoto humwekea mwenye mtoto alama ya kumtambua?

Tangu mwaka 1955, kwa kibali cha Bwana DO wa serikali, Joash aliongoza watu kila Aprili kuipanda njia ile kutoka Nakuru hadi kaburini, kusali na kupalilia. Aprili 1958 Ndung'u, akiwa ametoka kizuizini, alipanda pamoja nao bila kumsalimu mtu. Sala ilipokwisha alisimama mbele ya wote.

"Karani, wewe ulifika Nakuru na mtoto. Mama yake alifika na nani?"

"Hakufika," Joash alisema. "Nilimwacha hapa. Yeye ndiye alisema niende, lakini miguu iliyoenda ni yangu."

Mtoto akamvuta Joash koti. "Baba, twende, mvua inakuja."

Ndung'u alimtazama. "Wewe unaitwa nani?"

"Wangare."

"Nani alikupa hilo jina?"

Mtoto akamwonyesha Joash kwa kidole. Ndung'u akageuka, akateremka peke yake. Desemba ile, Ndung'u alipopata nyumba kule Bahati, Joash mwenyewe alimpelekea mtoto, akiwa amemshonea sare mpya ya shule. Aliporudi nyumbani hakula kwa siku mbili.

Mwaka huu alinyeshewa juu ya ukingo, akashikwa na nimonia. Kifua hakikupona tena. Alifariki tarehe 22 Agosti 1959 katika hospitali hapa Nakuru, mkewe akiwa kando yake. Anazikwa hapa kwa wosia wake, na wazee wa Alego wameridhia, ingawa kwa shida.

Jana Ndung'u alimleta Wangare hadi langoni. Alikataa chai. Eucabeth alimwuliza jina la mtoto liandikwe wapi katika tanzia hii, kwa kuwa ruhusa ni yake.

"Mwalimu, mimi bado niko na neno na Joash," alisema, "na siwezi kudanganya kaburi. Lakini mtoto hana neno. Yeye umwandike kwa watoto. Mimi usiniweke kwa marafiki."

Imeandikwa hivyo. Joash Omolo ameacha mjane, Eucabeth Adero. Kaka mmoja na dada wawili. Na mtoto mmoja, Wangare binti Ndung'u.

Bwana ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.