Mgeni Niliyempa Ungo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mie darasa la pili sikumaliza, mtanivumilia nikipotea njia.

Nilikuwa nauza mchele Tandale, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mjini, kila mtu ana gauni la Ulaya. Mie nilikuwaga na la bluu, mifuko mikubwa... basi, tuyaache. Asubuhi moja napima mchele, vumbi lake linaelea juani, moyo ukaanza kwenda mbio. Sauti za wachuuzi zikawa mbali, kama watu wanaongea chini ya maji. Mikono naiona, si yangu. Nikajua nakufa!

Hospitali wakasema moyo mzima, huu ni ugonjwa wa hofu. Sikuwasadiki. Ikaja tena, na tena. Nikaacha soko. Mwisho hata kizingiti sivuki, dunia naitazama kupitia pazia tu.

Ndipo binti yangu Neema akapata mchumba. Ndoa kanisani, Temeke. Akaniuliza, "Mama, usipokuja, mie nitasimama na nani?" Ndugu zangu, nililia! Nikaomba Bwana aifukuze hofu. Haikwenda.

Akaja jirani yangu Mama Zuhura, Muislamu wa pwani, ulimi wake pilipili. "Shoga, huyo mgeni wako hofu bado yupo? Umemlaza, umemlisha, na mlango unamfungia asitoke! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Jembe nitoe wapi, mie muuza mchele?"

"Basi mpe ungo!"

Tukacheka mpaka machozi. Kumbe Bwana alishanijibu, kwa kinywa cha mtani!

Hofu ilipobisha, sikukimbia. Nikashika ungo wa mchele, nikasema, karibu, kaa, chambua. Kijiwe kimoja. Chuya moja. Ungo haujafika nusu, keshaondoka. Nikachambulia kizingitini, kisha barazani, kisha, miezi imepita, sokoni kwangu.

Siku ya ndoa nilifunga mchele kwenye pindo la khanga. Neema kasimama mbele, kuta zikaanza kuelea. Nikafungua pindo, vidole vikachambua polepole. Humo ndani ya ukungu wa hofu ikanifikia sauti ya mwanangu: "Nakubali." Niliisikia mwenyewe! Haleluya!

Sisemi mgeni yule harudi. Nimezeeka sasa, na mara mojamoja bado anapiga hodi. Akiuona ungo, anaaga. Mvivu yule!

Namshukuru Bwana. Nawe uliyejifungia ndani, mwamini, fungua mlango. Ungo nitakuazima.