Uji Ulioingia Mapafuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana pumzi mnayo ya bure!

Mnanijua, mimi ni Espérance, muuza vitenge wa mtaa wa Asiatique, mwenye mdomo usiochoka. Basi uvimbe ukaota kwenye taya langu. Madaktari wakalikata, wakachukua mfupa mguuni, wakanitengenezea taya jipya. Nikaamka na bomba la kupumulia shingoni na mpira wa chakula puani. Sauti, hakuna! Manesi wakaonya: kitu chochote kisipite mdomoni.

Lakini mnajua kwetu. Mgonjwa akilazwa, ndugu humletea chakula, na asipokula wanaona wamemtupa. Mama mkubwa, aliyenilea, akaja kutoka Kibenga na termosi ya uji wa mtama. Nesi alipotoka tu, akanisogezea kijiko.

"Kunywa, mwanangu. Mutu hawezi pona na njaa."

Nikakataa kwa mkono. Akaushika kwa upendo, akanilisha.

Jioni homa ikapanda. Kifua kikakoroma, kucha zikawa za buluu. Ndugu zangu, niliogopa! Unavuta hewa, hewa haiji! Madaktari wakadhani damu imeganda mapafuni, wakataka kunipa dawa ya kuiyeyusha. Dawa hiyo ingenimwaga damu yote kwenye kidonda kibichi! Mimi najua ni uji, na siwezi kusema, hata kidole hakiinuki. Nikalia moyoni: Bwana, nisemee!

Dokta mmoja akawageukia waliokuja kuniona. "Kuna mutu alimupa kitu kwa mudomo?"

Kisha Mama mkubwa akapiga magoti.

"Ni mi, dokta. Nilimupa uji. Munifunge, lakini mutoto apone."

Hakuna aliyemfunga. Dawa ile ikaachwa. Wakanyonya uji na makohozi kwa mashine kupitia shingoni, wakanipa oksijeni na dawa za nimonia. Nilikohoa mpaka machozi, siku baada ya siku. Pumzi ikarudi!

Bomba limetoka, kovu hili hapa. Namshukuru Mungu aliyenisemea kwa kinywa cha mama yule pale, anayeficha uso kwa kitenge. Mama, inua uso! Nawe uliyekosa sauti leo, mtumaini Bwana, anavyo vinywa vya kukusemea.

Asubuhi hii Mama kanipikia uji uleule. Akanisogezea kijiko. Nikameza, naye akategea sikio kifuani kwangu. Uji ulipita njia yake, ndugu zangu. Nikamwambia, "Mama, ongeza."