Mshale Usiorudi Sifuri

Sogeeni karibu na moto, na mwenye mahindi mdomoni ameze kwanza. Nyamazeni. Habari hii ina mshale mwembamba, na mshale hauonekani penye kelele.

Hapo Mbinga, kando ya kiwanja cha ndege cha majani, palikuwa na benchi la mabanzi, na benchi hilo liliishi kwa birika la Edina. Edina alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa. Herufi hakuzijua, lakini namba za mizani alizisoma toka mbali. Asubuhi ile alimimina kahawa macho yakiwa kiwanjani. Binti yake Dorothy alikuwa na mimba pevu, kondo limeziba njia ya mtoto. Muuguzi alikuwa amesema wazi: akapasuliwe hospitali kubwa, tena asipite barabarani, mtikisiko ungemwaga damu. Saa nne ndege ndogo ingemchukua, mama mtu akikubali.

Aliyeanza kuitilia shaka ndege ni Vitalis, waliyemwita Turubai kwa kuwa zamani alifunika malori ya makaa ya mawe kule Ngaka. Juma lililopita aliitwa kuiosha, akachungulia ndani. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa rubani, lakini saa ya nguvu mshale wake umesimama ishirini na tano.

— Ishirini na tano ya nini, na injini imelala? aliuliza Turubai. Kisha rubani akawasha. Mshale ukaanguka mpaka kumi na tatu. Yaani ikifa ina nguvu, ikifufuka imeishiwa.

— Paka akiondoka, panya hutawala, alisema Hamidu mwenye duka, waliyemwita Robo. Hiyo saa imechezewa.

— Wewe Robo ndiye wa kujua, Turubai akamjibu. Sukari yako kilo moja hujaza vikombe vitatu tu.

Edina hakucheka. Marehemu mumewe alikuwa akisema mizani isiyoanzia sifuri ni ya mwizi, na mwaka mmoja alibeba gunia lake la kahawa kulirudisha nyumbani, mlima wote ule, kuliko kulitundika kwenye mizani ya namna hiyo.

Turubai akaongeza kuni. Alisema dereva mmoja wa ziwani alimwapia kwamba ndege hiyohiyo, ikiwa imelala chini kule Liuli, ufukweni mwa ziwa, mshale ulisoma ishirini na nane. Robo akapiga hesabu kwa vidole: tatu zimeibwa njiani. Nani kaziiba? Turubai akakumbusha kwamba rubani Aidan ni Mnyasa wa Liuli kabisa; huenda zile tatu huwaachia shangazi zake wakaushie usipa, dagaa wa ziwani, kisha huja kuwapandisha watu wa mlimani kwa makombo.

— Haba na haba hujaza kibaba, Robo akasema kwa huzuni. Ndivyo ndege zinavyoanguka. Mama Dorothy, binamu yangu ana gari. Barabara haina mshale.

Edina akaliweka birika chini.

— Mwite binamu yako, alisema taratibu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni, Saida, aliyepanda toka ziwani na beseni la usipa wa kuuza. Akakishusha kikombe.

— Shikamooni wazee. Samahani, hiyo saa inapima nini?

— Nguvu, alisema Turubai.

— Nguvu ya nini?

Turubai akamwonyesha Robo kwa kidole. Robo akachungulia ndani ya kikombe chake kama vile jibu lilizama na machicha. Edina akawatazama wote wawili, kisha akavuka kiwanja peke yake.

— Shikamoo mama, alisema Aidan akiwa ameinamia gurudumu la ndege.

— Marahaba, baba. Saa yako inapima nini?

— Msukumo wa hewa, mama, ndani ya bomba ambalo injini hupumulia. Injini ikilala, hewa ya bombani ni sawa na ya nje. Liuli ni chini, hewa nzito. Hapa juu ni nyepesi. Nikiwasha, koo nimelibana, injini inafyonza, hewa ya bombani inapungua. Nikilifungua lote ili niruke, sharti mshale urudi karibu na pale ulipolala.

— Usiporudi?

— Siruki. Hata ukirudi, siuamini peke yake, kwa sababu husoma hapohapo hata injini ikiwa maiti. Nasoma na saa ya mizunguko ya injini. Na nusu ya kiwanja ikifika mwendo haujatosha, nakata moto.

Edina akakubali ndege, akaenda kumleta Dorothy. Mwenye mizani ya wizi hakuonyeshi pa kuishuku.

Alikaa nyuma ya bega la Aidan, mkono wa Dorothy kiganjani. Mshale ulisimama ishirini na tano. Injini ikawaka, ukaanguka kumi na tatu. Aidan akasukuma kirungu cha kufungulia koo. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Ishirini na tano kasoro unywele.

— Umerudi, alimwambia binti yake, na majani yakabaki chini.

Benchini kahawa iliisha, maana mpishi alikuwa hewani. Saida alirithi birika. Turubai alirithi jina la Nguvu-ya-Nini. Robo alirithi wateja wanaoinamia mizani yake kabla hajamimina sukari. Mtoto wa kiume wa Dorothy alirithi jina la Aidan, japo mkoba wa ukoo ulikuwa umejaa majina ya Kikatoliki na hilo limetoka kwa Waanglikana wa ziwani. Siku ya kumpima, Edina aliutazama kwanza mshale wa mizani: sifuri. Wakamweka. Kilo tatu.

Robo alipoambiwa, alisema ndizo zile tatu zilizopotea njia ya Liuli.