Nilishuku Watu Wote, Chuma Changu Sikukishuku

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wamsifu pia wale waliosema sitaweza.

Walisema hapa hapa Butembo: "Mutoto ya Kampala amerudia na karatasi. Atasaga vilebrequin, itavunjika mbele ya kufika Beni!" Vilebrequin, kwa asiyejua, ni ule mti wa chuma uliopindapinda tumboni mwa moteri. Pistoni zinaukanyaga kama mtu akanyagavyo pedali ya baiskeli. Ukivunjika, moteri imekufa. Nami nilikwenda Kampala nikibeba mizigo ya watu, nikarudi na diplome ya mekanike yenye muhuri. Hakuna mjomba aliyenilipia! Katika mji huu hakukuwa na mtu wa kupima chuma kama mimi.

Ilikuwa wakati wa vita. Kaka yangu Kambale alikuwa na lori moja, lenye moteri ya turbo, yenye nguvu nyingi. Vilebrequin yake ikalika shingo, zile sehemu zake zinazozunguka. Mpya haikupatikana, kwa maana barabara ya Kasindi, mpakani na Uganda, ilifunguliwa leo na kufungwa kesho, wala hukujua ni askari gani atakuuliza karatasi. Na mama yetu alikuwa Beni, milio ya bunduki ikikaribia mtaa wake. Lori hilo ndilo lingemleta, pamoja na familia tisa za kanisa letu.

"Mudogo yangu," Kambale aliniuliza, "vilebrequin ya kutengeneza itavumilia turbo, kweli?"

Nilimjibu itavumilia. Moyoni nikamshuku: bila shaka amekwisha kuzungumza na fundi mwingine!

Ndugu zangu, nilimshuku kila mtu. Nilifunga mlango wa karakana, nikatundika turubai dirishani. Mtu akikohoa nje, nilifunika mashine. Siku moja tu nilisahau komeo, akaingia Mama Masika, yule anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa.

"Fundi ya diplome! Umepima inje. Umepiga nyundo, umesikia sauti?"

"Mama, chuma hapana sema."

"Inasema. Ni weye hauna masikio."

Nikajua anataka kuniuzia vilebrequin yake. Tangu siku ile hata chai yake sikunywa tena.

Nilisaga, nikapima. Shingo zote zilikuwa laini na sawasawa kabisa. Nikafunga moteri. Safari ikawekwa Jumatatu.

Jumapili tukaja ibadani. Mnakumbuka kengele yetu ya zamani, ile jante ya lori, chuma cha gurudumu, iliyoning'inia kwenye boriti. Shemasi akaigonga, nayo ikatoa "ko!" kama chungu kibovu. Watu wakatafuta ufa, wasiuone. Nani angesimama kama si mimi? "Leteni mafuta ya taa na chaki!" Nikaipaka mafuta, nikaikausha kwa kitambaa, nikanyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ufani yakatoka, yakachora mstari mwembamba kwenye ule weupe. Makofi! Nikainua mikono yote miwili.

Ndipo sauti ya Mama Masika ikatoka kwenye mabenchi ya akina mama: "Aksanti, fundi. Na ile ya mu moteri, uliipaka chaki?"

Ndugu zangu, mikono yangu ilibaki juu. Sikuipaka! Nilishuku kaka yangu, nilishuku chai ya mama wa watu, lakini kazi ya mikono yangu sikuishuku hata dakika moja.

Siku ile ile nilifungua moteri mbele ya Kambale, mlango wazi. Tukaitundika vilebrequin kwa kamba, nikapiga nyundo. Ko! Chaki ikaonyesha ufa kwenye pembe ya shingo, pale nilipokata kwa ukali badala ya kuacha mviringo. Moteri dhaifu ingeweza kuuvumilia siku kadhaa. Turbo, na mlima, na familia tisa juu? Ingekatika kati ya watu wenye silaha.

Kambale hakunitukana. Alisema tu, "Mama iko Beni." Afadhali angenipiga.

Nililia mbele za Bwana, kisha nikafanya jambo nisilolizoea: niliomba watu msaada. Mama Masika aliniazima vilebrequin yake, bei hakutaja. Jirani akaniazima kusine, zile bakuli nyembamba ambamo shingo huzungukia. Seremala akaniazima mnyororo wa kunyanyulia moteri. Nikasaga mlango ukiwa wazi, pembe nikaziacha mviringo kama ndani ya kijiko. Masika akapiga nyundo mwenyewe. Ngeee! Kama kengele nzima. Jumatano lori likateremka. Alhamisi likapanda, mama yetu kwenye kabini, kuku mapajani. Haleluya!

Leo nina karakana kubwa kuliko za wote walionicheka, nasema bila haya. Mkiniuliza kama vilebrequin iliyotengenezwa inaaminika katika moteri kali, nasema ndiyo, ikiwa imejaribiwa, na asiijaribu fundi peke yake. Ndugu yangu uliyejifungia, fungua mlango! Mwite yule anayekutilia shaka. Mtumaini Bwana, anayeonyesha ufa kabla ya mlima.

Barabara ilipotulia nilirudisha vya watu: mnyororo, na kusine mpya. Mwisho nilimpelekea Mama Masika vilebrequin kutoka Kasindi, bado na grisi yake. Akaitundika mlangoni, akachukua nyundo.

"Mama, hii ni mupya!"

"Nyamaza, nisikie."

Akapiga. Tukasimama wote wawili, tukiisikiliza hadi ilipoacha kulia.