Mafuta ya Nyonyo Chini ya Rangi

Sogeeni karibu, wanangu, Eliezeri na Tadeo, na wewe Tupokigwe niinulie mto, maana kifua hiki hakina siku nyingi na nina maneno ambayo sitaki niende nayo. Mtu asinikatize kwa kuniambia nipumzike. Nitapumzika sana, muda si mrefu.

Jana mmeniletea hapa mlango wa kanisa letu mlioupaka rangi, mmejaa tabasamu, eti baba auone kabla ya Pasaka. Nimeukwaruza kwa ukucha tu, ukucha wa mgonjwa, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu! Ebo! Miaka yote nawafundisha useremala, kumbe nilikuwa nazungumza na ukuta? Mara ngapi nimesema mbao ikaushwe kwanza, hasa huku Mbeya ambako ukungu unalala mpaka saa nne, kisha ipigwe msasa kufuata nyuzi zake, ifutwe vumbi, ndipo ipakwe praima, ile rangi ya msingi, nyepesi iingie ndani, ikauke, ipigwe msasa tena, halafu ndiyo rangi? Mmeruka yote, na mbaya zaidi, Eliezeri, unaniambia bila haya kwamba uliisugua mbao kwa mafuta ya nyonyo ili ing'ae. Rangi itashika wapi juu ya mafuta?

Nilikasirika hata nikakataa uji. Halafu nikajiuliza, huyu haya mafuta kayatoa wapi? Kayatoa kwangu. Tangu utoto ameniona nikipaka vigoda vya nyumbani mafuta ya nyonyo, kama baba yangu alivyofanya, na kigoda hakipakwi rangi, kwa hiyo hakidhuriki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa sikieni jambo ambalo hata marehemu mama yenu sikumwambia. Mwaka wa thelathini na nane, mimi na Liberatus, yule Mhehe anayechonga mipini ya majembe Igawa, ambaye mmenisikia nikimwita mzembe, tulipewa kazi ya mlango wa misheni moja kule Iringa. Yeye alipiga msasa siku tatu, akafuta vumbi, akaenda mjini kununua praima. Huku nyuma, mimi kwa majivuno yangu nikausugua mlango mafuta, nikidhani nampendezeshea kazi. Aliporudi kesho yake mafuta yalikuwa yamezama ndani ya mbao, akapaka juu yake bila kujua. Masika yalipofika rangi ikavimba, ikadondoka vipande vipande mbele ya waumini, naye akafukuzwa kwa sababu ndiye aliyeshika brashi. Hakuna aliyempa tena kazi ya rangi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza, na miaka yote hii nimemsema vibaya ili nisiisikie aibu yangu. Inaniuma, wanangu, na sina wa kumlaumu.

Basi fanyeni hivi. Rangi ile ikwangueni yote kwa vigae vya chupa, mlango uosheni kwa maji ya moto na magadi mpaka mkono usiteleze, uanikeni wiki nzima, halafu msiuguse. Tadeo, panda lori la Igawa, ukamwambie Liberatus kwamba Jailos anamwomba aje aupake yeye, mkono wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya wazee wa kanisa, na Eliezeri amshikie kopo. Migomba na ng'ombe wawili ni vyenu watatu, gawaneni bila kelele. Lakini sanduku langu la vifaa, randa na patasi na vyote vilivyomo, ni lake. Usinune, Eliezeri, nimekuona.

Nikifa kabla hajafika, msinizike. Hapana, Tupokigwe, usilie, sikiliza... msipigilie jeneza misumari mpaka ayasikie maneno haya mbele ya watu. Mungu awape mikono yenye subira, awape na midomo... isiyonyamaza kama wangu. Nipe maji. Kidogo tu.

Mwambieni alisugua msasa vizuri... siku tatu alisugua. Mafuta yalikuwa yangu.