Nilitaka Jina la Mwanaume

Bwana asifiwe, watu wa Mungu wa Mabawa! Asifiwe tena, maana ninachokisema leo sikudhani mdomo wangu utakisema kanisani.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi fundi milango. Shule niliishia darasa la tatu, mkonge nimekata, mizigo nimebeba Horohoro mpakani nikiwa kijana, na nyumba nimejenga kwa mikono hii. Basi nikajiona najua kila kitu, hata yaliyomo mwilini mwa mke wangu!

Mke wangu alikwenda kupimwa mlango wa kizazi. Wanapaka siki, wanaangalia. Akarudi akaniambia ukweli: wameona alama nyeupe. Si saratani bado, ila zikiachwa zinaweza kuwa saratani. Arudi Ijumaa zitibiwe. Nikauliza zimetokana na nini. Akasema kuna kirusi kinaitwa HPV, kinaambukizwa kwa kujamiiana.

Nilipigwa na butwaa! Miaka ishirini na sita ya ndoa! Na mimi huko chini sijapata hata kipele. Nikasema huyu ana mwanaume. Nikampigia shemeji yangu wa Muheza aje amchukue dada yake. Na matibabu nikayakataza: "Akakutibu huyo aliyekupa!" Nilisema hivyo, kwa mdomo huu unaoimba kwaya.

Shemeji alifika Ijumaa asubuhi. Akanisikiliza, akasema, "Shemeji, unahukumu bila shahidi? Twende kwa huyo nesi." Tukaenda watatu. Nikagonga meza: "Nataka jina la mwanaume!"

Nesi, binti mdogo wa ushungi, hakutikisika.

"Shikamoo baba. Kipimo hakitaji jina. Kirusi hiki wengi tunakipata, wake kwa waume, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikigoma, kinaweza kukaa miaka na miaka, kimya. Mwanaume anaweza kuwa nacho asiumwe popote. Kwani baba, kabla ya mama, ulikuwa mtawa?"

Shemeji akakohoa. Mimi nikaiona Horohoro yote imesimama mbele yangu. Ujana ule, ndugu zangu! Nikauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Labda. Labda si wewe. Hakuna ajuaye, na mama haponi kwa kujua."

Nikamgeukia mke wangu, machozi yananitoka. Akasema, "Utalia nyumbani. Leo ndiyo Ijumaa, nipishe niingie."

Akaingia. Wakazichoma zile alama, akatoka anatembea mwenyewe. Mwaka umepita, amepimwa tena: safi! Lakini mpaka leo nikikumbuka nashtuka. Ningemuua kwa ubishi, halafu ningesema ni mapenzi ya Mungu!

Na binti yetu wa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimemzuia chanjo ya kirusi hicho, eti inafundisha uhuni. Kumbe anachanjwa kabla hajakutana na kirusi, si kwa sababu ni mhuni. Nikaenda shuleni kwa miguu yangu kuomba achanjwe.

Namshukuru Mungu aliyemponya mke wangu, na mimi akanivunja kiburi. Kina mama, msingoje maumivu, nendeni mkapimwe. Wanaume wenzangu, mwaminini Bwana, na miguu iende hospitali. Nikishuka hapa nitasimama pale mlangoni. Mwenye aibu apite kwangu. Sitamuuliza lolote, ila siku atakayompeleka mkewe.